Besaleli wa leo huenda ni binti wa Butiama

Tafakari ya Jumapili ya leo inatoka katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, aya ya 1 hadi ya 6. Ukirudi nyumbani baada ya ibada, endelea na sura ya 35 na ya 36, maana huko ndiko tutakakoishia. Naandika nikiwalenga hasa wapendwa wa Musoma, Bunda na Butiama, ingawa na wengine wanakaribishwa.

Tunaposikia mtu amejazwa Roho wa Mungu, mawazo yetu hukimbilia kwa mhubiri, mwimbaji au mwombaji wa usiku kucha. Lakini mtu wa kwanza ambaye Mungu mwenyewe anasema amemjaza Roho wake si mhubiri. Ni fundi. Anaitwa Besaleli mwana wa Uri, na alichojaziwa ni akili ya kubuni, kuchonga mti, kukata vito, kufua dhahabu, fedha na shaba. Hatuambiwi kama aliwahi kuhubiri hata mara moja.

Sasa njoo karibu na siku zetu. Tarehe 11 Mei 2018, boksi dogo lilisukumwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita kama 400 juu ya vichwa vyetu. Kila upande wake ulikuwa na sentimita 10. Ujazo wake ni lita moja, sawa na kile kidumu kidogo cha mafuta ya kula, na uzito wake haukufika kilo moja na nusu. Hiyo ndiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, kazi ya wahadhiri na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Nafasi ya kuirusha waliipata kwa Umoja wa Mataifa na Shirika la Anga la Japani, kupitia mpango uitwao KiboCUBE. Nairobi walichaguliwa mwaka 2016, wakiwa wa kwanza kupewa nafasi hiyo. (Kibo hapa ni neno la Kijapani lenye maana ya tumaini. Msomaji wa Moshi asidhani ni kilele chake.)

Kuna jambo linalonigusa katika tarehe hizo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ikawa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Neno letu likapanda angani, bahari ikawa yetu, lakini mikono iliyofunga nati haikuwa yetu. Ilichukua zaidi ya miaka 47 hadi mikono ya vijana wa Afrika Mashariki ishike kazi yenyewe. Rwanda ikafuata mwaka 2019, Uganda mwaka 2022 kwa wahandisi wake watatu waliokwenda kusomea kazi hiyo Japani. Serikali yetu nayo imekwisha kutangaza nia ya kuwa na setilaiti ya taifa.

Nataka tukae kidogo kwenye meza ya hao wanafunzi, kwa sababu kuna mahubiri pale. Setilaiti ndogo ina betri, paneli za sola, redio, kompyuta ndogo na kamera. Vitu vingi kati ya hivyo hata fundi simu wa stendi ya Bunda angevitambua. Ugumu uko kwingine. Chombo kikishatoka, hakuna fundi atakayekifuata. Waya uliounganishwa vibaya kwa risasi utabaki vibaya mpaka mwisho. Kwa hiyo kabla ya safari kinafungwa juu ya mashine inayokitikisa kwa nguvu, kama roketi itakavyokitikisa. Kinaingizwa katika chumba kilichotolewa hewa, kinapashwa joto, kinapozwa, kinapashwa tena, kwa maana huko juu kitaizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, kikitoka kwenye jua kali na kuingia kwenye kivuli cha baridi, mara kama 16 kwa siku. Skrubu ikilegea mezani, wanashukuru, wanaanza upya.

Hapo kijana anajifunza kitu ambacho shule zetu nyingi hazifundishi. Mtihani wa kawaida unaweza kuuibia na ukapata cheti. Mashine ya kutikisa huwezi kuihonga. Ukiandika kwenye daftari kwamba umepima nyuzi joto na hukupima, uongo wako utakaa kimya mpaka siku ambayo watu wamekusanyika kwenye kituo cha ardhini wakisubiri mlio wa kwanza wa redio, na mlio usije. Na wana dakika chache tu za kuusikiliza. Chombo kinapopita juu ya upeo wao hakikai hata dakika 10, kisha kinazama upande wa pili. Mimi nasema huo ni uchaji wa Mungu wa aina yake, hata kama mhusika hajui kuuita hivyo.

Najua mtu wa Nyamuswa au Kiabakari ataniuliza, tena kwa haki: mwandishi, shule yetu haina maabara, visima vimekauka, wewe unatuletea habari za angani? Wengine watakumbuka mnara wa Babeli. Babeli ilikuwa dhambi ya watu waliotaka kujipatia jina. Wale wa Nairobi walijenga chombo kilichofanya kazi kwa takriban miaka miwili, kikashuka polepole, na mwaka 2020 kikaungua hewani bila kubaki hata kipande cha kuweka makumbusho. Sijui ni jina gani mtu angejipatia kwa njia hiyo.

Na habari za angani tayari ziko Mara, upende usipende. Utabiri wa upepo ziwani, unaomwokoa mvuvi wa dagaa wa Musoma asiende na karabai zake usiku wa dhoruba, unategemea picha za mawingu zinazotoka juu. Baadhi ya tembo wa Serengeti, ndugu za hao wanaomaliza mihogo na mahindi ya watu wa Bunda, wamefungwa kola shingoni zinazosema kwa setilaiti walipo. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kumeza mialo, kina chake kilikuwa kinapimwa pia kutoka juu. Tunaishi chini ya kazi za mikono ya watu wengine.

Lakini mfano unaonifanya niandike leo ni wa karibu zaidi na mchungu zaidi. Ukeketaji. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sheria inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Hata hivyo Desemba inapofika, shule zikiwa zimefungwa, wapo mabinti wanaokimbia usiku. Wengine hupokelewa katika nyumba salama za shirika la Hope for Girls and Women, zilizoko Mugumu na Butiama.

Tatizo la wanaokwenda kuwaokoa lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Simu inapigwa, kijiji kinatajwa, na ramani haikionyeshi. Barabara haimo, kitongoji hakimo. Ndipo watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, kupitia mradi wa Crowd2Map, wakakaa mbele ya kompyuta zao, wakatazama picha zilizopigwa na setilaiti, wakachora njia moja baada ya nyingine na paa moja baada ya lingine, na vijana wetu huku chini wakazunguka kuandika majina ya mahali. Ramani hizo zimetumika kuwafikia mabinti gizani.

Fikiria hilo, mpendwa. Kamera ilipita juu ya Mara na kupiga picha ya njia ya ng'ombe. Haikujua ni ya nini. Mtu asiyewahi kufika Tanzania akaichora. Kisha mtu wa hapa hapa akawasha gari usiku. Setilaiti haina huruma, na picha haigongi mlango. Walihitajika wote watatu, na wa mwisho ndiye ambaye kanisa la Mara haliwezi kusema halimfahamu, kwa sababu huenda ni jirani wa benchi.

Turudi kwa Besaleli. Katika Kutoka 35, aya ya 25 na ya 26, kuna watu tunaowaruka tunaposoma kwa haraka. Ni wanawake. Maandiko yanasema walikuwa na hekima moyoni, na kazi yao ikawa kusokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya hema ya Bwana. Neno linalotumika kwa ustadi wao ni la jamii ile ile ya hekima aliyopewa Besaleli. Aya ya 34 inaongeza kwamba Besaleli na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Hema lile lisingesimama kama nusu ya mafundi wake wangeozeshwa wakiwa na miaka 13.

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Tunajua alikofika: Tabora, Makerere, Edinburgh, Ikulu, na mwisho akarudi kulala Butiama hiyo hiyo. Wasichana wa rika lake waliobaki kijijini hatuwajui hata majina, wala hatujui nani kati yao alikuwa na kichwa cha hesabu. Leo pale Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu, chuo kilichosubiriwa miaka mingi. Majengo ni jambo jema. Lakini mhandisi haanzii chuoni. Anaanzia kidato cha pili, siku ile anapoamua kuendelea na fizikia au kuikimbia, na kabla ya hapo anaanzia likizo ya darasa la saba, pale nyumbani kunapoamuliwa kama atakwenda sekondari au kwa mangariba.

Hapa nasema na wazee wa kanisa, halmashauri za parokia, jumuiya ndogondogo na akina mama wa vikundi. Tumeona michango ikitolewa kwa moyo kwa ajili ya vipaza sauti, mapazia ya madhabahu, sare mpya za kwaya. Siyalaumu mapambo. Mungu wa Kutoka alipenda uzuri, na aliagiza hata rangi za pazia. Ila angalia sura ya 36: watu walitoa mpaka mafundi wakaenda kwa Musa kusema imezidi, na Musa akatangaza kambini watu waache kuleta. Ni mara ngapi umesikia tangazo la namna hiyo kanisani kwako? Kabla hatujanunua spika ya tatu, mtu na asimame kwenye kikao aulize sekondari ya kata inakosa nini katika chumba cha fizikia. Mara nyingi jibu ni betri, nyaya, balbu na mita ya kupimia umeme. Gharama yake ni ndogo kuliko sare.

Na mwinjilisti au padri anapotangaza majina ya vijana wa kuombewa wakienda seminari, amtaje pia binti wa Bunda anayekwenda kusoma uhandisi, amwite mbele, amwekee mikono. Wazee waone. Baba aliyekuwa anahesabu ng'ombe za mahari kichwani aone pia.

Hilo ni la mwaka mzima. La haraka ni hili: wapo waumini wetu wanaojua tayari ni nyumba zipi zinajiandaa kwa Desemba. Wanakaa nasi, wanashiriki meza ya Bwana nasi. Mchungaji aseme nao mapema na kwa majina, si kwa mafumbo ya mimbarani. Na namba ya simu ya dawati la jinsia na watoto la polisi iandikwe kwa herufi kubwa, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya ratiba ya kwaya, kabla shule hazijafungwa.