Maonyesho ya Wenye Bando

Kina mama wauza samaki wa Feri walinipa sauti zao. Ukumbi ukataka zisikike kwa kuskani msimbo wa QR ukutani, eti ndiyo usasa. Nikakubali, kosa langu. Siku ya ufunguzi walikuja wenyewe, vitochi mkononi, wakaikodolea macho ile miraba yenye madoa meusi. Mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mimi nipo wapi hapa?"

Tusidanganyane. Kazi ya sanaa inayodai bando na simu janja imeshachagua wageni wake. Kitochi kinapiga, kinapokea, kinabipu, kinatosha. Sasa ukutani ipo namba: unabipu, kompyuta inakupigia, ukumbi unalipa. Msimamizi analalamikia bili. Alipe. Mvinyo wa ufunguzi hakuulalamikia.