Taa za Studio Nyumbani: Tuhesabu Gharama, Tuwalinde Watoto



Baadhi yetu hapa Shishiyu tunatamani kugeuza chumba kimoja cha nyumba kiwe studio ya picha za pasipoti, za watoto na za kipaimara. Ni kazi njema ya kuongeza kipato. Lakini kabla ya kukopa kwenye kikundi, tuketi kwanza tuhesabu gharama, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14:28.

Chumba kidogo hakihitaji flashi kubwa mbili. Flashi ikisogezwa kutoka mita 2 hadi mita 1, mwanga unaomfikia mtu huongezeka mara 4 hivi. Kwa kuanzia inatosha moja ya jouli 100 hadi 200, pamoja na mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga. Mteja akae kama mita 1 mbele ya ukuta, kivuli kisionekane nyuma yake. Kama umeme hukatika mara kwa mara, tuchague ya betri ya kuchaji.

Sasa jambo la uhai. Ndani ya flashi mna kapasita inayohifadhi umeme wa mamia ya volti, nao huweza kubaki humo hata waya ukishachomolewa. Unaweza kuua. Basi tusinunue iliyopasuka gamba, hata ikiwa ya bei ya chini. Tusiifungue wenyewe, wala tusiwaachie watoto waichezee. Kazi ikiisha, chumba kifungwe kwa ufunguo.

Mungu abariki kazi za mikono yetu na awalinde watoto wetu.