Mtoto akishindwa, mzazi asimshinde mara ya pili

Ni alfajiri ya Jumamosi, siku ya mashindano. Mwanao amesukuma kikombe cha uji pembeni, vidole vyake ni baridi, na ameenda msalani mara ya tatu. Wewe, ukitaka kumtia moyo, unamwambia: "Usiogope, wewe ni bingwa." Anainamisha kichwa. Bila kukusudia umemwongezea mzigo: sasa anaogopa pambano, na anaogopa pia kuonekana anaogopa.

Wiki hii tunazungumza na wazazi wa watoto wanaoshindana katika mchezo wa vitara. Zamani wengi wetu tuliuona kwenye filamu tu. Leo wapo vijana wanaojifunza hata katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na mwaka 2024 jijini Paris, Alexandra Ndolo alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki mchezo huo katika Olimpiki. Hata kama mwanao ni mwogeleaji au mwanariadha, endelea kusoma, maana mwili wa mtoto ni uleule.

Mchezo huu una uzito wake. Katika makundi, pambano ni la alama 5 au dakika 3. Katika mtoano, ni la alama 15. Hakuna mwenzako wa kumpasia mpira. Ukichomwa, taa inawaka na ukumbi mzima unaona. Machozi yakitoka, yako nyuma ya wavu wa chuma na huwezi kuyafuta. Kwa mtoto wa miaka 12, hilo si jambo dogo.

Kwanza, mweleze kinachotokea mwilini. Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, na damu nyingi hupelekwa kwenye misuli mikubwa, huku tumbo na ngozi vikipata kidogo. Ndiyo maana tumbo linavuruga na mikono inapoa. Mwili unajiandaa kwa kazi. Mtoto anayelijua hilo haoni tena kwamba ana kasoro.

Pili, mfundishe kupumua, na mfanye zoezi hilo nyumbani kabla ya siku ya mashindano. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe polepole akihesabu hadi 6, kwa dakika mbili au tatu. Kutoa hewa polepole husaidia kupunguza mbio za moyo. Kuhusu chakula, ampe tumbo nafasi: uji, ndizi au viazi kidogo saa mbili au tatu kabla ya kuanza, na maji kidogo kidogo. Usimlazimishe kumaliza sahani.

Tatu, awe na jambo moja dogo la kufanya baada ya kila alama, apate au akose: kushusha mabega, kutoa pumzi moja, kisha kujisemea neno fupi. Mwaka 2016 kule Rio, Park Sang-young wa Korea Kusini, kijana wa miaka 20, alikutana kwenye fainali na Géza Imre wa Hungaria, mwenye miaka 41. Mapumziko ya mwisho yalimkuta Park yuko nyuma 9 kwa 13. Kamera zilimnasa ameketi, midomo ikitikisika, akijirudia-rudia kwamba anaweza. Kisha ikawa 10 kwa 14. Katika aina hiyo ya kitara, wote wawili wakigusana kwa wakati mmoja kila mmoja hupata alama, hivyo hata mguso mmoja wa pamoja ungempa Imre dhahabu. Park alipata alama tano mfululizo na kushinda 15 kwa 14.

Usimsimulie mwanao kisa hicho kana kwamba maneno ni dawa ya kushinda. Wengi hujiambia hivyo na bado hushindwa. Faida ya neno fupi ni kwamba humrudisha mtoto kwenye alama inayofuata, akaacha kuwaza nne zilizopotea.

Sasa tuje kwenye sehemu inayotuhusu sisi wazazi. Jukwaani, mwachie kocha kazi yake. Mtoto anayesikia sauti mbili hasikii hata moja, na mwamuzi ana mamlaka ya kukuonya au kukutoa ukumbini. Lakini madhara makubwa zaidi mara nyingi hutokea njiani kurudi nyumbani. Mtoto amefungwa kwenye kiti cha gari au amebanwa nawe kwenye matatu, hana pa kukimbilia, nawe unaanza: "Yule ulikuwa unamweza kabisa. Unajua nimelipa nauli kiasi gani?" Mpinzani alimshinda mara moja. Wewe unamshinda mara ya pili, na kipigo cha mzazi hukaa muda mrefu.

Akilia, mwache alie. Mwaka 2012 kule London, Shin A-lam, pia wa Korea Kusini, alipoteza nusu fainali katika sekunde ya mwisho ambayo saa ilionekana kukataa kuisha. Timu yake ilikata rufaa, naye akabaki ameketi ulingoni kwa karibu saa nzima, analia mbele ya ulimwengu. Rufaa ilikataliwa, na medali ya shaba pia ikamponyoka. Siku chache baadaye alirudi na wenzake wakatwaa fedha ya timu. Machozi hayakumfanya asiwe mwanamichezo.

Kwa hiyo, baada ya pambano, mpe maji, mpe chakula, mwambie: "Nilifurahi kukuona ukicheza." Kisha nyamaza. Akitaka kuzungumza, atazungumza. Masuala ya ufundi yasubiri mazoezi, na ayazungumze na kocha.

Kuna dalili zinazohitaji zaidi ya subira. Mtoto asiyelala kwa majuma kadhaa, anayeumwa tumbo kila siku ya mashindano hadi hataki kwenda, anayeacha kula, anayeficha jeraha, anayejiumiza au kujitukana kila akikosea, mpeleke kituo cha afya akaonwe na daktari au mshauri nasaha. Akisema anatamani kufa au kwamba afadhali asingezaliwa, usimkemee wala usichukulie kuwa ni utundu. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Mwisho, jiulize swali moja kabla ya mashindano yajayo: mwanao akitolewa kwenye pambano la kwanza, atatamani kukuona au atatafuta mlango mwingine wa kutokea? Kama hujui jibu, zungumza naye usiku wa leo, siyo asubuhi ya mashindano. Mwambie waziwazi kwamba chakula chake, kitanda chake na nafasi yake moyoni mwako havitegemei taa ya ulingoni. Makocha atawapata wengi. Mzazi ni wewe.