Mali ya Abdulla, Maneno ya Nani?

Majumba ya mavazi ya Ulaya hayatulii na nembo zao. Burberry ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1856, ilimuweka kando mpanda farasi wake mwaka 2018 ikabaki na herufi nene tupu. Mwaka 2023 ikamrejesha. Ulimwengu wa mitindo ukalijadili jambo hilo kana kwamba mwezi umeandama. Sisi wa mwambao tunayo alama ya nguo iliyotuzunguka tangu utotoni, na hatujaiuliza hata suali moja.

Naikusudia ile ya pambizoni mwa kanga: K.H.E., Mali ya Abdulla. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na inasimuliwa kwamba ndiye aliyetangulia kutia maneno kwenye leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno yalikuja kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi (na bibi zetu waliosoma chuoni tu wakawa wageni wa nguo zao wenyewe, jambo ambalo hakuna aliyeliombea radhi). Viwanda navyo vikahama: Ulaya, Japani, Bara Hindi, na mwaka 1968 Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China. Hati ikageuka, mtambo ukageuka, Abdulla akabaki. Sina ugomvi naye. Aliyelinda jina lake zaidi ya karne moja amestahiki.

Ugomvi wangu ni wa kule chini ya mji wa kanga. Pale pana maneno, aghalabu yenye mizani, mara nyingine na vina, yaliyobeba fumbo la mke mwenza, la jirani, la mama. Wenyewe tunayaita *jina* la kanga, kwani hayo ndiyo yanayoiuza. Mwanamke wa Tumbe hanunui pindo. Ananunua usemi wa kumjibia mtu asiyetaka kugombana naye kwa mdomo. Basi jina la mwenye duka lipo, namba ya mchoro ipo, mtunzi yuko wapi?

Watasema wenye maduka: methali haina mwenyewe. Ya kale, naam. Lakini mangapi ya haya ni mapya, yametungwa juzi na mtu aliye hai, akapewa shukurani na doti moja, au asipewe kitu? Washairi wetu wa kale walijitaja katika beti za tamati, wakataja na mji wao, ili kazi isipotee. Na Zanzibar tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Au tungo ikishachapwa juu ya pamba huwa si tungo tena?

Hapa Tumbe hata chombo cha kuvulia huandikwa jina ubavuni. Nawataka wachapaji watie jina la mtunzi pale pale pambizoni, baada ya namba ya mchoro. Nafasi ipo. Na asiyemjua mtunzi wake amuulize aliyemletea maneno; hayakuokotwa pwani.