Msiisingizie Programu

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata, nataka tuongee kandanda. Ninyi msioshabikia timu yoyote msikimbie. Hii ni habari ya programu, na mimi nimekuwa na donge kooni tangu Desemba 2021.

Tarehe 13 mwezi huo, saa nane mchana kwa saa za hapa Kenya, nilikuwa kazini. Nilikuwa nimefungua dirisha dogo pembeni mwa skrini nikitazama droo ya timu 16 za Ligi ya Mabingwa Ulaya, mashindano ambayo mtaani tunayaita UEFA tu. Droo ilifanyika Nyon, Uswisi, kwenye makao makuu ya shirikisho lenyewe. Masharti yalikuwa mepesi. Mshindi wa kundi anakutana na aliyemaliza wa pili, mradi wawili hao wasiwe wametoka kundi moja wala nchi moja. Basi.

Benfica wakapewa Real Madrid. Sawa. Wakaja Villarreal, na mpinzani akawa Manchester United. Ngoja kidogo! Hao wawili si walitoka pamoja Kundi F? Maafisa wakashtuka, wakachota kipira kingine, ikawa Manchester City. Halafu likaja kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Ilipofika zamu ya Atletico Madrid, kipira cha United hakikuwekwa kwenye bakuli ingawa walistahili kuwemo. Kilichowekwa ni cha Liverpool, ambao walikuwa kundi moja na Atletico. Droo ikaendelea hadi mwisho kana kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye UEFA wakaifuta yote, na saa kumi na moja jioni ikarudiwa upya.

Sababu waliyotoa? Hitilafu ya kiufundi katika programu ya mtoa huduma wa nje, ile inayowaelekeza maafisa timu ipi inaruhusiwa kukutana na ipi. Kwa kifupi: kompyuta ndiyo mkosaji.

Jamani! Tuliangalie hilo tatizo lenyewe. Ukiwa na timu 8 upande huu na 8 upande ule, njia zote za kuzipanga, hata ukipuuza masharti, ni 40,320. Kwa kompyuta hiyo si kazi. Hata laptopu yangu, ambayo kibodi yake imepoteza vitufe viwili, inazipitia zote kabla hujamaliza kupiga chafya.

Nakubali kuna mtego mmoja. Chukua Chelsea. Hawangeweza kukutana na City, Liverpool wala United kwa sababu wote ni wa Uingereza, wala Juventus waliotoka nao Kundi H. Walibakiwa na wapinzani wanne tu: Ajax, Real Madrid, Bayern na Lille. Hao wanne wakigawiwa wengine mapema, Chelsea wanabaki bila mtu na droo inakwama. Kwa hiyo kila kipira kikitolewa, lazima uangalie mbele kama waliobaki bado wanaweza kupangika. Ndiyo maana programu inahitajika. Lakini kuangalia mbele namna hiyo ni zoezi la mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta. Najua, kwa sababu nililifanya nikiwa mwaka wa pili. Jioni ya siku ile nilikaa nikaandika upya kwa ajili ya droo hii, na chai yangu haikupoa.

Sasa sikilizeni kwa nini limeniuma. Niliwahi kuandika programu ya kukokotoa marupurupu ya vibarua. Mwezi wa kwanza watu kadhaa wakalipwa pungufu. Mkubwa wangu akasimama mbele yao akasema, "Sistimu imeleta shida." Vibarua wakaitikia kwa kichwa wakaenda zao, maana nani atagombana na sistimu? Ukweli ni kwamba tulipewa viwango vya zamani, hakuna aliyevihakiki, na mimi niliyeandika msimbo sikuujaribu kwa majina halisi hata mara moja. Sistimu ilifanya kile tulichoiambia. Tulikosa sisi, tukajificha nyuma ya mashine isiyoweza kujitetea.

Programu haina haya, haichoki, wala haina timu inayoshabikia. Ikikosea, kuna mtu aliyeiandika vibaya, mtu aliyeilisha taarifa mbovu, au mtu aliyeikabidhi jukwaa bila kuijaribu. Taarifa ya UEFA haikutuambia ni yupi kati ya hao watatu.

"Lakini walirekebisha siku hiyo hiyo," utaniambia. Kweli, na kurudia droo yote kulikuwa heri kuliko kuacha kosa. Ila tazama kilichobadilika. Kati ya mechi nane, ni moja tu iliyobaki ile ile: Chelsea na Lille. Real Madrid walilalamika, maana mechi yao na Benfica ilitoka kabla ya kosa lolote, na badala yake wakapangiwa PSG. Wakafungwa 1-0 Paris, kisha nyumbani Benzema akafunga mabao matatu, na Mei 2022 wakalibeba kombe. Villarreal, badala ya City, walipata Juventus, wakawang'oa, wakafika nusu fainali. Na United? Droo ya pili iliwapa Atletico wale wale walionyimwa kukutana nao mara ya kwanza, na wakatolewa. Hatima za klabu nzima ziligeuka kati ya saa nane na saa kumi na moja. Halafu unaniambia ni mpira tu?

Na siku hizi mkono wa programu ni mrefu zaidi. Tangu msimu wa 2024/25 kuna timu 36 katika msimamo mmoja, kila moja inacheza na wapinzani 8. Nane za juu zinaingia moja kwa moja 16 bora, na za 9 hadi 24 zinapita kwanza kwenye mchujo. Agosti 2024, kule Monaco, kipira cha kila timu kilichotwa kwa mkono, lakini wapinzani walichaguliwa na kompyuta kwa kubonyeza kitufe. UEFA walisema programu ilikaguliwa na wakaguzi wa nje. Vizuri, lakini mimi na wewe tulichoona ni kitufe. Ratiba ile ndiyo inayozaa msimamo, na msimamo ndio unaoamua utakutana na nani kwenye mtoano.

Sipingi kompyuta, ndiyo inayonilisha. Ninachodai ni mambo matatu. Mosi, msimbo uwekwe hadharani kabla ya droo, pamoja na namba inayoanzisha ile bahati nasibu itangazwe mbele ya watu, ili mtu yeyote, awe Kisumu au Krakow, aiendeshe na kupata jibu lile lile. Pili, programu ya pili iliyoandikwa na watu wengine ihakiki ya kwanza kila hatua. Zikitofautiana, droo isimame hapo hapo. Tatu, kosa likitokea, tuelezwe ni kosa gani na lilipitaje.

Na ninyi wenzangu mnaoandika programu, wakati mwingine mkubwa wenu akisema "ni sistimu", msikae kimya kama nilivyokaa mimi. Wale vibarua hadi leo wanaamini ni kompyuta iliyowapunja.

Haya, tuonane wiki ijayo, turudi kwenye hifadhidata zetu.