Hesabu Shambani: Bomba la Maji na Kona ya Njia

Mkulima mmoja alitaka kuvuta maji kutoka chemchemi hadi nyumbani kwake, naye hakuwa na fedha za kupoteza. Kila bomba lilikuwa na urefu wa futi 20. Je, anunue mangapi? Katikati palikuwa na kichaka cha miiba, wala kamba haikuweza kupita. Njia ya miguu ilikizunguka: futi 400 kuelekea kaskazini, kisha kona ya mkono wa kulia, kisha futi 300 hadi mlangoni.

Mwanawe aliyekuwa akisoma alijibu upesi. 400 mara 400 ni 160,000; 300 mara 300 ni 90,000; jumla 250,000, ambayo ni 500 mara 500. Basi umbali ni futi 500, yaani mabomba 25. Kanuni hiyo huitwa kwa jina la Pythagoras, Myunani, ingawa vibao vya udongo vya Babeli vyaonyesha kwamba ilijulikana huko zaidi ya miaka elfu moja kabla yake.

Mzee jirani aliyekuwa akisikiliza akauliza, "Mjukuu wangu, kona ile ni pembe mraba?"

"Sikuipima, babu."

Kanuni yafaa penye pembe mraba tu, na njia ya miguu hupinda jinsi ng'ombe walivyopenda. Wakaenda konani na kamba. Wakapima futi 4 upande mmoja na futi 3 upande wa pili, wakachomeka vigingi. Kama pembe ingalikuwa mraba, nafasi baina ya vigingi ingalikuwa futi 5 kamili. Ilikuwa futi 6 na inchi 1.

Basi wakaiacha kona. Wakaendeleza mstari wa kaskazini kupita pale njia ilipopinda, wakiisogeza kamba yao ya 3, 4 na 5 hadi mkono wa pembe mraba ulipoelekea nyumba sawasawa. Sasa vipimo vilikuwa futi 550 kaskazini na futi 260 mashariki. 302,500 na 67,600 ni 370,100, nayo yatoa futi 608 na kitu kidogo. Mabomba 31! Kwa yale 25 maji yangaliishia kichakani, zaidi ya futi 100 kabla ya nyumba.

Ikabaki kujua pa kufyeka. Kutoka chemchemi walipima futi 55 juu ya mstari wa kaskazini, kisha futi 26 mashariki kwa pembe mraba, wakachomeka kigingi. Atazamaye kutoka chemchemi kupitia kigingi hicho aitazama nyumba, hata kama haioni. Lakini kigingi kikikosea futi 1, mfereji utaikosa nyumba kwa futi 10 hivi. Kwa hiyo walikipima mara mbili.

Dukani alinunua mabomba 33, kwa kuwa ardhi yenye mabonde hula urefu ambao hesabu ya tambarare haiuoni.