Mwenye Kuhesabu Naye ni Tabibu

Katika miji yetu ya pwani, mzazi akiulizwa angependa mwanawe asomee nini, aghalabu hujibu: udaktari. Na daktari amjuaye yeye ni yule mvaa koti jeupe, mwenye sindano na dawa. Kijana akisema anasomea utafiti wa afya ya jamii, kwamba kazi yake itakuwa kukusanya hesabu za wagonjwa, kuzichambua, kisha kuwafundisha wengine chuo kikuu, watu humtazama kwa huruma. "Masikini, amekosa nafasi ya udaktari!" Mimi nasema huruma hiyo haina mahali pake, na ushahidi wangu nautoa mbali na bahari, katika nyanda za juu za Wagusii.

Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, mvua, chai na migomba, na watu wamebanana humo. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Sisi wa pwani malaria tumezaliwa nayo. Mtu mzima wa huku mwili wake umekwisha kuizoea. Lakini ilipopanda vilima vya magharibi ya Kenya katika miaka ya 1980 na 1990, iliwakuta watu ambao miili yao haikuijua, ikaangusha wakubwa kwa wadogo.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kuonekana, tena kwetu. Utafiti uliofanywa Kilifi kati ya mwaka 1993 na 1995 ulionyesha kwamba chandarua kilichotiwa dawa hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa thuluthi moja. Swali lililobaki halikuwa la tiba bali la fedha: je, chandarua kiuzwe au kitolewe bure? Mabingwa wengi wa ng'ambo walisema kiuzwe, hata kwa bei ndogo, maana cha bure hakithaminiwi. Wengine wakajibu kwamba masikini hana hata hiyo bei ndogo. Kila upande ulikuwa na ulimi, na ndimi hazimalizi neno kama hili.

Basi likamalizwa na nini? Na daftari! Watafiti wa Kenya na wenzao walichagua wilaya nne: Kisii, Kwale, Bondo na Makueni. Wakaingia vijijini mwaka baada ya mwaka, wakiwafuata watoto wapatao 3,500, wakiuliza nani amelala ndani ya chandarua, nani yu hai na nani amefariki. Mwaka 2004, vyandarua vilipokuwa vikiuzwa, watoto 7 tu katika 100 walilala ndani ya chandarua chenye dawa. Mwaka 2006 serikali ikavigawa bure, na idadi ikapanda hadi 67 katika 100, mtoto wa masikini akawa karibu sawa na wa tajiri. Matokeo yalitolewa mwaka 2007: waliotumia chandarua vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 44. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani likahimiza vyandarua vigawiwe bure au kwa bei nafuu mno, likitaja mfano wa Kenya.

Zingatia hayo, msomaji. Mama wa Kisii na mama wa Kwale, ambao hawajaonana maishani mwao, waliwekwa katika daftari moja, na jibu lao likavuka bahari. Mmoja wa walioiandika kazi hiyo ni Abdisalan Noor, Mkenya aliyejulikana kwa kuchora ramani za zahanati na za malaria, kisha akaitwa kufanya kazi katika Shirika hilo la Afya kule Geneva. Je, huyo naye tumwonee huruma?

Sisi tuliosoma chuoni hatupaswi kuiona kazi hii kuwa ngeni. Wanavyuoni wa Hadithi walisafiri nchi kwa nchi wakiuliza: nani kasema, kamsikia nani, na je, ni mwaminifu? Habari isiyo na isnadi hawakuipokea, hata ikiwa tamu. Takwimu nazo zataka isnadi. Jirani na Nyamira, kule Kericho, wataalamu walibishana kama joto limeongezeka au la, na baadhi yao walitegemea makadirio yaliyotungwa kutoka vituo vya mbali. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walizirudia kumbukumbu za kituo chenyewe cha Kericho, za miaka 30, wakakuta joto lilikuwa likipanda kwa kiasi cha sehemu mbili za kumi za digrii katika kila miaka kumi. Hilo peke yake halitoshi kueleza malaria yote ya milimani, lakini lilionyesha nani ana habari ya kwanza na nani ana ya kusikia.

Hata hivyo, ninalo deni la kuwadai wataalamu hawa. Mama aliyefunguliwa mlango wake na kuulizwa juu ya mtoto aliyezikwa ametoa amana. Jibu lake huandikwa kwa Kiingereza, likalazwa katika majarida ya London, na yeye asipate kusikia lilisema nini. Amana hurudishwa kwa mwenyewe. Irudi kwa Ekegusii, kwa Kidigo na kwa Kiswahili, barazani, msikitini na kanisani. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati mwaka 2013, kimekaa pale pale penye wenye amana. Na hapa pwani pia tuna vyuo. Mwalimu wa takwimu asiyeweza kumweleza bibi yake alichokigundua bado hajamaliza somo.

Nanyi wazazi, mtoto akipenda hesabu na akawa mkweli wa tabia, msimzuie. Tabibu wa sindano humponya mgonjwa aliye mbele yake. Tabibu wa hesabu huwalinda maelfu asiowaona wala wasiomjua. Tunawahitaji wote wawili.